Kujifunza Lugha Ukubwani: Kitaliani, Kiswahili na Suji ya Upare

Katika makala haya nimekusudia kutazama jambo ambalo sisi wataalamu wa lugha hulipita upesi, nalo ni habari ya mtu mzima anayeanza kujifunza lugha pasipo kulazimishwa, pasipo mtihani wala cheti. Historia za lugha zetu husimulia zaidi habari za shule za watoto, za kamati, za kamusi na za amri za serikali. Mtu mzima aketiye jioni akitamka maneno mapya kwa ulimi mzito haonekani katika historia hizo, au akionekana huwa ni hesabu tu katika taarifa ya ofisi. Walakini mtu huyo akiondolewa, kuenea kwa Kiswahili katika Suji hakuelezeki, na hata kuenea kwa Kitaliani katika Italia yenyewe hakuelezeki. Nimeziweka lugha hizi mbili pamoja kwa sababu ambayo itaonekana mbele. Namwomba msomaji anivumilie ikiwa mwanzoni zaonekana kuwa mbali mno.

Suji ni mahali pa milimani katika Upare wa Kusini, wilaya ya Same. Msafiri aendaye huko huiacha barabara kuu pale Makanya, kwenye tambarare ya joto na mkonge, akapanda kwa njia ya kupindapinda mpaka kwenye baridi na migomba. Lugha ya wenyeji ni Chasu, ambayo wageni huiita Kipare. Wamisionari Waadventista kutoka Ujerumani walifika Upare mwaka wa 1903, wakaanza kazi Mamba Giti, mahali walipopaita Friedenstal, yaani bonde la amani. Baadaye Suji ikawa mojawapo ya vituo vyao vikuu. Mmoja wa wamisionari wa mwanzo, Ernst Kotz, alichapisha huko Berlin mwaka wa 1909 sarufi ya Chasu. Kitabu hicho hutajwa na kila mtu aandikaye juu ya lugha ya Wapare, nami nimekitumia mara nyingi. Illa jambo moja hatulisemi: Kotz alikuja Upare akiwa mtu mzima, naye katika Chasu alikuwa mwanafunzi wa darasa la kwanza. Kabla ya kuwa mwanasarufi alikuwa mtu asiyejua kuomba maji. Wako Wapare waliomsahihisha, waliorudia neno mara ya tano na ya sita, na bila shaka waliomcheka pia. Jalada la kitabu lina jina moja tu.

Mimi nami niliifuata njia hiyo kwa upande wa pili. Nilizaliwa Suji, na miaka mia moja hivi baada ya sarufi ile nilikwenda Ujerumani kusomea shahada ya udaktari. Katika mji niliokaa palikuwa na shule ya jioni ya watu wazima, ya namna ile ambayo Wajerumani huiita Volkshochschule, nami nikajiandikisha katika darasa la Kitaliani la watu wasiojua kitu. Sababu niliyowaambia wenzangu chuoni ni kuwa nilitaka kusoma maandishi ya Wataliani juu ya pwani ya Benadir. Sababu hiyo ilikuwa ya kweli kwa kiasi chake. Sababu kubwa zaidi ni kwamba nilikuwa nimechoka kuwa mtaalamu mchana kutwa, nikatamani mahali pamoja katika juma ambapo ningeruhusiwa kutojua.

Tulikuwa watu kumi na mmoja. Alikuwako muuguzi aliyestaafu, mwoka mikate aliyesinzia kwa sababu huamka usiku wa manane, mume na mke waliotaka kwenda likizo, na mzee mmoja aliyesema kuwa anapenda tu namna Wataliani wanavyogombana. Tulikutana mara moja kwa juma, saa moja na nusu kila mara. Hapakuwa na mtihani. Mwalimu wetu, mama mmoja wa Puglia, kusini kabisa mwa Italia, alikuwa akileta siku nyingine wimbo, siku nyingine ramani, na siku moja alileta unga na kutufundisha majina ya vyakula huku mikono yetu ikiwa imejaa donge.

Hapo niligundua kuwa mtu wa Upare aendaye kwenye Kitaliani hafiki mikono mitupu. Silabi nyingi za Kitaliani huishia kwa irabu kama zetu, na mkazo kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, pale pale unapoangukia katika Kiswahili. Sifa mara nyingi hufuata nomino yake na kupatana nayo. Wajerumani walilalamika kuwa kila neno hubadilika mwishoni, mara -o mara -a, mara -i mara -e; nami nikajiuliza wangelia namna gani wangekutana na ngeli zetu. Kadhalika Kitaliani hakihitaji kutaja nafsi kwa neno la peke yake, maana kitenzi chenyewe chaibeba. Wenzangu walishindwa kuiacha ile *io*, wakaitanguliza mbele ya kila kitenzi, lakini kwangu halikuwa jambo la kujifunza. Nasema "nasema", nao husema *parlo*: sisi twaiweka nafsi mlangoni mwa neno, wao wameiweka uani.

Palipo na wepesi pana na mtego. Kitaliani hutofautisha konsonanti fupi na ile iliyokazwa, na tofauti hiyo hubadili maana: *pala* ni sepetu, *palla* ni mpira. Siku tulipotakiwa kueleza jamaa zetu, mimi nilieleza kwa fahari habari za babu yangu wa Suji, nikamwita *nono* kutoka mwanzo hadi mwisho wa maelezo. Mwalimu alisubiri nimalize, kisha akaniambia kwa upole kuwa babu ni *nonno*, na kwamba nimekwisha kuwaeleza habari ndefu za mtu wa tisa. Nilicheka kuliko wao, kwa kuwa mimi peke yangu nilijua kuwa kwa Kiswahili nilikuwa nimemfanya babu yangu, mtu mwembamba kama mwanzi, kuwa mnono.

Nimelisimulia kosa hilo kwa makusudi. Nimefundisha fonolojia kwa miaka kadhaa. Naweza kuueleza ubaoni urefu wa konsonanti kwa istilahi zote zitakiwazo. Elimu hiyo haikunisaidia hata kidogo ulimi ulipotakiwa kufanya kazi. Kujua habari za lugha na kuijua lugha ni vitu viwili, nasi tuandikao katika majarida kama hili twahitaji kukumbushwa hivyo mara kwa mara, ikiwezekana mbele ya watu.

Sehemu ya darasa iliyohusu mila na mambo ya Italia ndiyo iliyonirudisha Suji kwa njia nisiyoitazamia. Jioni moja mwalimu alitueleza habari za Guido wa Arezzo, mtawa wa karne ya kumi na moja aliyewafundisha waimbaji kwa kutumia silabi za mwanzo za mistari ya utenzi wa Kilatini wa kumsifu Mtakatifu Yohane: ut, re, mi, fa, sol, la. Guido aliandika kuwa waimbaji waliokuwa wakihangaika miaka kumi sasa wangeweza kufuzu kwa mwaka mmoja au miwili. Baadaye *ut* ikawa *do*. Katika karne ya kumi na tisa Waingereza, hasa mchungaji John Curwen, walizitengeneza silabi hizo kuwa maandishi mepesi ya herufi, nazo zikasafiri pamoja na misheni. Kila mtu aliyepata kuimba katika kwaya ya kanisa huku kwetu amezisoma herufi hizo, na sauti ya juu huiita *soprano*. Kwa hiyo katika vijiji vya Upare watu wazima wasiojua hata kuwa iko nchi iitwayo Italia wamekuwa wakisoma silabi za mtawa wa Arezzo, na kuzisoma vizuri kuliko nilivyosoma mimi kitabu changu.

Si hayo tu. Neno *malaria*, ambalo hata mtoto wa Suji alijua, ni la Kitaliani, nalo lilikuwa na maana ya hewa mbaya. Wataliani wa zamani walidhani homa hutoka katika mvuke wa mabwawa, mpaka Giovanni Battista Grassi na wenziwe walipoonyesha mwaka wa 1898 kuwa aambukizaye wanadamu ni mbu wa aina ya anofelesi. Wazee wetu waliokaa milimani na kuiogopa tambarare, wakishuka kwa shughuli na kurudi kulala juu, wangeafikiana na Wataliani wale pasipo mkalimani. *Karantini* nayo yatokana na siku arobaini ambazo jahazi lililoshukiwa kuwa na tauni lilizuiwa kabla ya kuingia Venezia. Na sisi tuliozoea kuhesabu arobaini ya mzazi na arobaini ya marehemu twaielewa hesabu hiyo bila kufundishwa. Neno *balozi* lina safari ndefu zaidi. Limetufikia, kama wanavyosema wachunguzi wa asili za maneno, kwa njia ya Kituruki, na Waturuki walilipata kutoka kwa *bailo*, cheo cha mjumbe wa Venezia aliyekaa Istanbul. Nilipowaeleza wenzangu kuwa katika nchi yetu hata mkuu wa nyumba kumi ameitwa balozi, yule mzee mpenda magomvi aliuliza kama naye hupewa jumba la kifalme.

Lakini lililonigusa kuliko yote halikuwamo katika kitabu cha kufundishia. Mwanafunzi mmoja alimsifu mwalimu kwa bahati yake ya kuzaliwa na Kitaliani kinywani. Mama yule akasema kuwa hakuzaliwa nacho. Nyumbani kwao walisema lugha ya mji wao wa Puglia, ambayo mtu wa kaskazini haielewi; Kitaliani alikikuta shuleni, na bibi yake alikianza baada ya kuzaa watoto wote, kwa kusikiliza televisheni. Tangu jioni hiyo nilianza kusoma historia ya Kitaliani kwa jicho jingine.

Italia ilipounganishwa kuwa dola moja mwaka wa 1861, ni wangapi kati ya watu wake waliokuwa wakisema Kitaliani? Tullio De Mauro, katika kitabu chake cha mwaka wa 1963 juu ya historia ya lugha katika Italia iliyoungana, alikisia kuwa hawakuzidi wawili na nusu kwa kila mia. Arrigo Castellani, miaka kama ishirini baadaye, alipinga hesabu hiyo na kuipandisha hadi karibu kumi kwa mia. Hata tukimfuata Castellani, watu tisa katika kila kumi walikuwa wageni katika lugha ya taifa lao. Kitaliani kilikuwako kwa karne nyingi, lakini kilikuwa lugha ya vitabu. Mwaka wa 1525 Pietro Bembo alishauri waandishi wafuate lugha ya Petrarca na Boccaccio, waliokwisha kufa yapata miaka mia na hamsini. Mwaka wa 1612 chama cha wasomi wa Firenze kilichojiita Crusca, maana yake pumba, kilitoa kamusi. Nia yao ilikuwa kuchekecha lugha, wapate unga safi na pumba zitupwe. Mtu wa Upare, aliyelelewa kwa makande, aweza kuuliza kama chakula kizuri lazima kichekechwe namna hiyo, lakini swali hilo haliwahusu Wataliani peke yao. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka wa 1930, ikakitumia Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, nayo ilishika chekecheo mkononi.

Mwanafunzi mtu mzima wa Kitaliani aliye mashuhuri kuliko wote alikuwa Mtaliani mwenyewe. Alessandro Manzoni alizaliwa Milano mwaka wa 1785. Lugha zilizomtoka kwa urahisi ni Kimilano na Kifaransa. Alipokwisha kutoa riwaya yake kubwa, *I promessi sposi*, mwaka wa 1827, hakuridhika na lugha yake. Akaenda Firenze mwaka huo huo, mtu wa miaka arobaini na miwili mwenye sifa na watoto, akawa anauliza watu wa mji hiki waitaje na kile waitaje. Kisha akairudia riwaya nzima, na toleo lililosahihishwa likatoka kati ya 1840 na 1842. Huyu ndiye ambaye watoto wa shule wa Italia walipewa kuwa kielelezo cha ufasaha. Ufasaha huo aliuomba kwa wenyeji wa mji wa watu.

Manzoni huyo huyo, katika uzee wake, alitoa shauri ambalo mimi siliafiki. Mwaka wa 1868 alimwandikia waziri wa elimu taarifa akitaka Kifirenze kienezwe nchi nzima kwa kamusi na kwa walimu wa kutoka Toscana. Mwanaisimu Graziadio Ascoli alimjibu mwaka wa 1873, akisema kwa ufupi kuwa umoja wa lugha hauletwi kwa kuchagua mji na kuamuru wengine waige. Huja pale ambapo watu wengi wanashiriki katika kazi na fikira za pamoja. Mimi namwona Ascoli kuwa ndiye aliyeona mbali, na ushahidi wangu si wa Italia tu.

Tazama Suji. Kiswahili hakikufika huko kwa amri moja. Kilipanda mlima pamoja na reli iliyopita chini kutoka Tanga, pamoja na mashamba ya mkonge ambamo Mpare alifanya kazi ubavuni mwa watu wa makabila mengine, pamoja na kodi, soko na kanisa. Waliokileta nyumbani walikuwa watu wazima waliokiokota kazini. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliendesha katika Upare mpango wa kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika. Baada ya uhuru jambo hilo likawa la taifa zima: mwaka wa 1970 ulitangazwa na Mwalimu Nyerere kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na madarasa ya kisomo chenye manufaa yakafunguliwa chini ya miembe, katika majengo ya shule na barazani. Hesabu ya mwaka wa 1967 ilionyesha kuwa watu wazima 67 katika kila 100 hawakujua kusoma. Baada ya mtihani wa taifa wa Agosti 1975 ilisemwa wamebaki 39.

Shangazi yangu alikuwa katika hesabu hiyo. Utotoni hakupelekwa shule kwa kuwa alikuwa mlezi wa wadogo zake, akiwamo baba yangu. Kiswahili alikuwa akikisikia, akikijibu kwa Chasu. Aliingia kisomo akiwa na watoto watatu, wa mwisho mgongoni. Huniambia kuwa mwaka wa kwanza alikwenda kwa sababu ilitakiwa kwenda, na wa pili alikwenda kwa sababu alikuwa amezoea kukaa na wanawake wenziwe jioni bila ya kazi mkononi. Walicheka sana, asema. Mmoja wao alitaja kila herufi kwa jina la jirani anayefanana nayo. Nimesoma taarifa kadhaa juu ya kampeni zile, zenye majedwali mengi. Sijaona jedwali la kicheko, wala sababu ya mwaka wa pili.

Miaka kumi kabla ya mwaka ule wa Mwalimu Nyerere, Italia nayo ilikuwa imeanza kazi ya namna hiyo kwa njia ya televisheni. Tangu Novemba 1960 hadi 1968 mwalimu wa shule ya msingi, Alberto Manzi, aliwafundisha watu wazima kusoma katika kipindi kilichoitwa *Non è mai troppo tardi*, yaani hujachelewa kamwe. Alichora kwa makaa kwenye karatasi kubwa, picha ikaonekana kidogo kidogo, na mtazamaji akiwa bado anajiuliza ni kitu gani alikuwa tayari amekwisha kusoma neno. Wasiokuwa na televisheni walikusanyika palipokuwapo. Inakadiriwa kuwa watu karibu milioni moja na laki nne walipata cheti cha msingi kwa msaada wake. Bibi wa mwalimu wangu hakupata cheti. Alipata Kitaliani tu.

Yafaa nitaje pia pwani yetu, kwa sababu huko Kitaliani kimekutana na Waswahili ana kwa ana. Bandari za Benadir zilikodishwa na Sultani wa Zanzibar kwa Wataliani mwaka wa 1892, na mwaka wa 1905 wakazinunua kabisa. Mojawapo ilikuwa Barawa, ambako watu husema Chimwini, lahaja ya kaskazini kabisa ya lugha yetu. Humo maneno ya Kitaliani yaliingia kwa njia ya ofisi, duka na jiko. Baada ya dola ya Somalia kuvunjika mwaka wa 1991 watu wa Barawa walitawanyika mpaka Mombasa, Uingereza na Marekani, wakaondoka na lahaja yao na maneno yake ya kukopa. Kusini zaidi, katika ghuba ya Ungwana karibu na Malindi, Wataliani waliweka jukwaa la San Marco baharini na kurusha huko satelaiti tangu mwaka wa 1967. Ile iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, iliitwa Uhuru, na hivyo neno la Kiswahili likaingia katika orodha za nyota za wanafalaki wa dunia nzima. Baadaye wakaja watalii, na mahoteli, katika Malindi, Watamu, na huko Unguja katika Kiwengwa. Wachonga vinyago, wapishi, manahodha wa mashua na waongozaji wa wageni wakajifunza Kitaliani ukubwani, kwa sikio, wengi wao bila kuona kitabu.

Niliwahi kupita Malindi nikiwa na Kitaliani changu cha darasani. Kijana mmoja muuza vinyago alinisikiliza akitabasamu, akaniambia kuwa nasema kama kitabu cha kanisa. Yeye alitamka *nonno* sawasawa. Alikuwa hajui kuwa kitenzi kina nyakati ngapi, lakini alizitumia. Wasomi wengine hukiita Kitaliani cha pwani hiyo lugha iliyovunjika. Naona hukumu hiyo ni ya haraka. Kijana yule alikuwa amefanya bila mwalimu jambo ambalo mimi nilishindwa nikiwa na mwalimu, kitabu na shahada; na kama sisi tuna haki ya kuulizwa jinsi lugha inavyosomwa, naye anayo. Tofauti yetu ni moja tu, nayo ni kubwa: mimi ningeweza kuacha nisipate hasara, yeye hakuweza. Nafasi ya kujifunza bila hofu ni utajiri, na si wote walionao.

Nimefika sasa mahali ambapo makala haya yalikuwa yakielekea. Suji ya leo ina watoto wanaosema Kiswahili tangu asubuhi hadi usiku. Wengi wa jamaa zetu wamezaliwa Dar es Salaam, Arusha au Tanga. Hupanda mlima Desemba, wakakaa na wazee juma mbili, na mazungumzo yakiingia ndani wao hubaki nje. Huambiwa kuwa wamechelewa, kwamba Chasu ni cha kunyonya pamoja na maziwa ya mama. Siwezi kukubali maneno hayo baada ya yale niliyoyaeleza. Ikiwa Manzoni alianza katika umri wa miaka arobaini na miwili, na Kotz aliandika sarufi ya lugha aliyoikuta ukubwani, kwa nini mjukuu wa Suji awe amechelewa katika lugha ya bibi yake?

Kwa hiyo Desemba moja nilijaribu. Niliwaita wapwa zangu, wake zao na waume zao barazani kwa shangazi, jioni sita, saa moja kila jioni, nikikataza daftari kwa siku tatu za kwanza. Nilifuata mpango wa yule mama wa Puglia: jamaa, chakula, wimbo, ugomvi. Mwalimu alikuwa shangazi; mimi nilikuwa mchungaji wa saa. Jioni ya kwanza ilikuwa mbaya. Waliozaliwa mjini waliona haya kukosea mbele ya wazee, na wazee walisahihisha kwa ukali, kama watu wanaodai deni. Aliyeokoa darasa ni mke wa mpwa wangu mmoja, mtu wa Bukoba. Yeye hakuwa na deni kwa mtu. Hakuna aliyemtazamia ajue Chasu, basi akakosea kwa sauti kubwa na kwa furaha, akaelekea mbele kwa kasi kuliko wote, akisema kuwa kwao pia watu huwa *abantu* na hapa ni *vantu*, basi tatizo liko wapi? Jioni ya tatu na wengine walianza kukosea. Jioni ya tano mzee mmoja jirani, aliyekuja kutazama tu, alisimulia kisa kizima na watu wakacheka pale panapochekesha, kabla sijatafsiri.

Siwezi kusema walijifunza mengi. Jioni sita hazifanyi msemaji, na tukienda kwa hesabu za taarifa hakuna atakayetiwa katika jedwali. Wawili kati yao wameniandikia tangu hapo, wakiuliza kama Desemba ijayo tutaendelea. Mmoja aliandika swali lake kwa Chasu, na makosa matatu, ambayo sikuyasahihisha.

Usiku wa mwisho, watu walipokwisha kutawanyika, shangazi aliniuliza mimi nilijifunza nini kwa Wajerumani jioni zile zote. Nikamwambia nilijifunza Kitaliani. "Haya, mwanangu," akasema, "babu wanamwitaje?" Nikamtamkia. Akalirudia mara moja, akaibana ile *n* katikati na kuishikilia, kisha akaiachia, sawasawa kabisa kama mtu wa Puglia, akaniuliza mbona mimi naikata.